Kinanda Kilichopona

Ukitaka kumuudhi Genia Kosmala, mwambie bendi yao ilianza kwa kipaji. Haikuanza kwa kipaji hata kidogo. Ilianza kwa sababu vijana watatu walifukuzwa kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mama mmoja hapa Hamtramck, mji wetu wa viwanda vya magari, na huyo mama alikuwa na haki zake zote, maana sahani zake za kabatini zilikuwa zikidondoka moja moja kwa kishindo. Wakazunguka mtaa mzima na ngoma zao na magitaa yao, wakibisha hodi na kuomba gereji, na kila mlango ukafungwa mpaka wakafika kwa Genia.

Wakati huo Genia alikuwa na miaka thelathini, anashona vitambaa vya viti vya magari kiwandani, ana mume na binti mdogo. Alisimama mlangoni na aproni yake akawasikiliza mpaka wakamaliza. Halafu akasema, "Gereji ipo. Lakini na mimi naingia."

"Unaingia wapi, dada?" akauliza Stas Ruminski, mpiga gitaa, ambaye ndiye mwana wa yule mama aliyewafukuza.

"Kwenye bendi."

"Unapiga nini?"

"Sijui bado. Nyie mnakosa nini?"

Wakatazamana. Lonnie Stepp, mwimbaji na mpiga besi, ambaye wazazi wake waliteremka kutoka milima ya Kentucky kufuata kazi za magari, alicheka mpaka akakohoa. Ardell Toomey, mpiga ngoma, akasema kwa upole wake kwamba wanakosa kinanda, na tena wanakosa pa kujificha na baridi, kwa hiyo yeye haoni tatizo. Ndivyo Viberiti Vibichi walivyompata mpiga kinanda ambaye hakuwahi kugusa kinanda maishani mwake. Jina la bendi walishalichagua kabla hajaja, na hajalipenda mpaka leo.

Kinanda alikinunua kwa mjane wa mwanamuziki wa dansi la polka, kitu chekundu cha umeme chenye miguu ya chuma, kilichokaa darini miaka na miaka. Kilikuwa kimelegea. Si kwamba kilikufa. Ukibonyeza kinalia, tena kwa nguvu, ila kila sauti ilikuwa chini ya pale inapotakiwa kuwa, na hazikushuka kwa kipimo kimoja. Hii imeshuka kidogo, ile imeshuka zaidi, na moja ya katikati imeshuka mpaka inalia kama mlango wa stoo. Watu wenye akili zao wangeita fundi. Hawa walifanya nini? Walilegeza nyuzi za magitaa kukifuata kinanda. Yaani mgonjwa ndiye aliyewekwa awe kipimo cha wazima. Sasa hebu niambie, bendi gani hiyo?

Lakini muziki ulitoka mchachu, na uchachu ule ukawa ndio wao. Lonnie, ambaye kuimba kwake ni kelele za mtu aliyefungiwa nje kwenye theluji, alipata sauti zilizolitosha koo lake. Santuri ya kwanza waliirekodi palepale gerejini, kipaza sauti kimoja kimening'inizwa kwenye kamba ya nguo, na kila wimbo waliupiga mara moja tu kwa sababu kanda haikuwa na nafasi ya mara ya pili. Zilitoka santuri mia tatu. Mia mbili zilikaa chini ya kitanda cha Genia kwa miaka sita. Kisha siku moja ikaja barua kutoka Hispania, ikafuatwa na nyingine kutoka Japani, mtu anaomba kwa adabu zote aambiwe siri, maana amejaribu mwaka mzima kupiga gitaa kuifuata santuri yao na gitaa limekataa katakata. Genia akamjibu kwamba siri hakuna, ni kinanda kibovu. Yule bwana hakuamini. Akaandika tena, safari hii akatuma na pakiti ya chai.

Basi miaka ikaenda. Zikatoka santuri tano. Walisafiri mara moja kwenda Hispania, ambako watu mia nne waliimba maneno yote, mpaka Lonnie akanyamaza akawatazama kwa woga. Waliporudi walipiga hapa nyumbani mbele ya watu arobaini, na Jumatatu Genia akawa kwenye cherehani yake kama kawaida. Hakuna aliyeacha kazi. Tunasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawa hawakujiuza wala hawakujitembeza, walikaa gerejini kila Alhamisi jioni wakapiga kelele zao wakaenda kula.

Mwaka mmoja Stas na Lonnie waligombana kwa ajili ya ubeti mmoja, wakanuniana miezi minane. Hakuna aliyekosa mazoezi hata siku moja. Walizungumza kupitia kwa Ardell. "Mwambie huyo apunguze gitaa." "Mwambie huyo nimesikia." Na wote wamesimama hatua mbili, unaweza kumgusa mwenzio kwa fimbo ya ngoma. Baadaye Ardell alikiri kwamba matusi yote alikuwa akiyaacha njiani na kufikisha salamu tu, na Genia anasema bendi ingekufa zamani kama si uongo wa mtu mmoja mwenye moyo mzuri.

Genia aliridhika na maisha yake. Nalisema waziwazi kwa sababu watu hupenda kuwasikitikia wanamuziki wasiojulikana. Huyu wala hakutaka kujulikana. Alikuwa na kazi, ana binti aliyesoma akaolewa, ana Alhamisi yake. Jambo moja tu lilimuuma, nalo lilikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mumewe, Chet, hakuwahi kuja kuwasikiliza.

Chet alikuwa fundi umeme wa kiwandani, mtu wa maneno ya kuhesabu. Siku alipoambiwa gereji imepata wenyewe, aliuliza gari litalala wapi. Alipojibiwa kwamba litalala nje, alitoka akalitazama, akarudi akamalizia supu yake. Hakukataza. Ila kila mwaka, inapofika Jumanne ya ponchki, mji mzima unapojaza matumbo maandazi ya jamu kabla Kwaresima haijaingia na baa zinafunguliwa asubuhi na mapema, Viberiti Vibichi hupiga kwenye baa ya pale pembeni saa nne asubuhi. Na kila mwaka Genia humuuliza mumewe, "Utakuja?"

"Mwaka huu hapana."

Mwanzoni alikuwa kazini. Akastaafu, na bado ikawa mwaka huu hapana. Na siku za Alhamisi, bendi ikianza tu kupasha moto, Chet huingia jikoni akafunga mlango. Genia alijua maana ya mlango uliofungwa, au alidhani anajua. Aliacha kulalamika, lakini lilimchoma. Mtu anaweza kupigiwa makofi na Wahispania mia nne na bado akayataka ya mtu mmoja aliyejifungia jikoni.

Mwaka wa thelathini na nne, ikiwa imebaki kama wiki tatu kabla ya ponchki, daktari alimpasua Genia kifundo cha mkono wa kulia. Cherehani ilikuwa imeubana mshipa kwa muda mrefu. Akaambiwa asiguse kinanda mpaka nyuzi za mshono zitolewe, naye akatii, mazoezi yakasimama, hata gerejini hakukanyaga. Jumatatu, siku moja kabla ya kupiga, nyuzi zikiwa zimeshatolewa, Chet alimshika bega mchana kweupe akampeleka gerejini na kumketisha mbele ya kinanda chake.

"Bonyeza," akasema.

Genia akabonyeza. Sauti ikatoka safi, imenyooka. Akabonyeza ya pili, safi. Akapeleka kidole kwenye ile ya katikati, akaombea moyoni, ikatoka safi kuliko zote. Akaibonyeza tena, akitumaini amekosea.

"Nimekifungua chote," akasema Chet, na kwake hiyo ilikuwa hotuba. "Kulikuwa na vumbi tu, mama. Halafu ndani mna vikoili vya waya kumi na viwili, kila sauti na chake, unazungusha taratibu mpaka mashine ya kupimia sauti ikuambie basi. Nimekaa nacho siku tisa. Miaka yote hii unahangaika na kitu kibovu, na fundi yumo humuhumu ndani. Niliona haya." Akajifuta mikono ambayo haikuwa michafu. "Na kesho nitakuja."

Genia alimtazama.

"Asante, Chet," akasema. "Umefanya kazi."

Chet alifurahi mpaka masikio yakamwiva. Akavaa koti, akaenda zake kupanga foleni ya ponchki kwenye duka la mikate, foleni ambayo Jumatatu hiyo huzunguka kona mbili na kumweka mtu nje nusu siku.

Wenzake wa bendi walipofika, Genia hakuwaeleza kitu. Aliwaambia wakaze nyuzi zifuate kinanda. Stas akakunja uso lakini akakaza. Wakapiga wimbo wa kwanza. Ulitoka kama kwaya ya shule siku ya wazazi. Kila kitu mahali pake, kimefuliwa na kupigwa pasi, na Lonnie alipofika kwenye kiitikio sauti ilimkatikia juu kwa juu.

"Nani kakiua hiki kinanda?" akauliza Stas.

"Chet kakitengeneza."

Stas akaliweka gitaa chini.

"Basi akirudishe alikokitoa."

"Hakuna atakayemwambia," akasema Genia.

"Bibi wee, mimi nina miaka sitini," akasema Lonnie. "Ile sauti ya juu siifikii hata kwa ngazi."

"Utaifikia."

"Nitaifikia nikifa."

"Basi ufe kesho jukwaani, watu watapenda."

Lonnie akacheka bila kutaka. Stas hakucheka. Akasema kuna watu wanaendesha kutoka jimbo la Ohio kwa ajili ya ule uchachu, na kesho watauziwa maji matamu. Alikuwa anasema kweli, na Genia alijua kwamba anasema kweli, ndiyo maana alimjibu kwa ukali.

"Mwaka baada ya mwaka nimemwomba yule mtu aje, Stas. Mara thelathini na tatu. Kesho anakuja kwa ajili ya hiki kinanda. Nimwambie ameharibu? Nikimwambia hatakuja tena mpaka tunazikana, na wala sitamlaumu. Tutapiga hivihivi. Kama mna hasira, nikasirikieni mimi."

Ardell akaokota fimbo zake.

"Dada kasema," akasema. "Haya, tuanze tena."

Walirudia mara nne, kila mara vibaya zaidi, kisha wakatawanyika kabla Chet hajarudi na boksi lake la ponchki. Jioni ile Genia hakula. Alifikiria nyuso za wale watatu, aliozeeka nao, na jinsi alivyowaomba wakaaibike mbele ya watu wao kwa ajili ya ndoa yake.

Asubuhi saa nne baa ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Ng'ombe hazeeki maini: kulikuwa na wazee wa kiwandani wenye sukari ya unga kwenye ndevu, mabibi waliokuwa wakicheza mbele ya jukwaa tangu wakiwa wasichana, na hao wa Ohio na fulana zao. Chet alikuja amevaa tai. Alisimama karibu na nguzo na boksi chini ya kwapa, kama mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa hospitali.

Wakapiga wa kwanza. Watu wakapiga makofi ya adabu, na katika baa ile makofi ya adabu ni matusi. Wakaingia wa pili, wimbo wa mtu aliyepoteza funguo, ambao kila mmoja mle ndani anaujua kuliko sala zake. Lonnie akapanda kwenye kiitikio, sauti ikapasuka, akaacha kuimba akaomba maji. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Genia, washa kinanda." Watu wakacheka. Hawakuwa na ubaya, lakini walicheka.

Genia hakuinua macho mpaka wimbo ulipoisha. Alipoinua, penye nguzo hapakuwa na mtu. Akajiambia ndiyo basi, amekuja mara moja na ameondoka, na wenzangu nimewaaibisha bure.

"Sogea," ikasema sauti ubavuni mwake.

Chet alikuwa jukwaani. Aliweka boksi la ponchki juu ya ngoma ya Ardell bila kuomba ruhusa, akatoa mfukoni bisibisi ndogo ya plastiki.

"Huu si wimbo wenu," akasema.

"Ni huohuo, Chet."

"Siyo. Ule naujua." Akafunua kifuniko cha kinanda. "Nilitengeneza sauti moja moja, nikiifuata mashine. Sikuzisikia zikiwa pamoja mpaka sasa hivi. Nimewaharibia."

"Hujaharibu kitu."

"Nimewaharibia, mama, usinibembeleze mbele za watu. Bonyeza."

Genia akabonyeza. Chet akainamisha kichwa, akafumba macho, akawa anaguna kwa chini huku akizungusha. Sauti ikashuka, ikashuka, akaiacha.

Stas akainama karibu naye. "Chet, rafiki yangu, bila mashine huwezi. Sauti zenyewe hazikuwa zimelegea sawasawa."

"Najua," akasema Chet. "Hiyo ilikuwa chini kidogo tu. Inayofuata ilikuwa chini zaidi. Bonyeza."

Watu wa mbele wakasogea kumtazama, huku wakitafuna. Akaenda hivyo sauti kwa sauti, hamwangalii mtu. Kwenye moja alipitiliza, akatikisa kichwa, akairudisha juu kiasi cha unywele. Alipofika kwenye ile ya katikati akasema, "Hii ndiyo yenyewe," akaishusha, akaishusha tena, mpaka mzee mmoja kule nyuma akaguna kwa raha kama anayekunwa mgongo. Genia alibonyeza tu anapoambiwa.

Alipomaliza ya kumi na mbili, Lonnie, ambaye haamini kitu mpaka akione, aliteremka akapasua katikati ya watu mpaka kwenye sanduku la muziki la baa, ambamo santuri yao ya kwanza imekaa tangu zamani. Akabonyeza namba. Wimbo ukaanza kukwaruza, na Genia akaweka vidole kwenye kinanda akapiga sambamba nao. Zikakaa pamoja, santuri na kinanda. Hata wembe usingepita katikati. Stas akavua kofia, akaivaa tena, akageuka ukutani kana kwamba anatafuta waya.

"Umejuaje?" Genia akamuuliza mumewe. "Chet. Alhamisi zote ulikuwa unafunga mlango."

"Nafunga mlango baridi isiingie nyumba nzima," akasema Chet. "Si nakuwa nimefungua dirisha? Dirisha la jikoni na gereji ni hatua nne. Nakaa pale na koti langu, nasikia kila kitu." Akatazama baa, watu wamejazana na bilauri zao, akashusha sauti kidogo. "Huku wanapiga domo, Genia. Ningekuja huku kusikia nini?"

Alhamisi zote zile Genia alikuwa akirudi ndani na kukuta jikoni kuna baridi, na kila mara aliwalaumu waliojenga kuta. Aliona haya kwa yote aliyomdhania mumewe kimoyomoyo, na papo hapo akawa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi, mwanamke wa miaka sitini na nne mbele ya baa nzima.

Magitaa yakalegezwa. Chet alitaka kushuka, Ardell akamwonyesha kwa fimbo kiti kilichokuwa nyuma ya ngoma, akakaa hapo na tai yake. Ardell akahesabu. Genia akauingia wimbo wa funguo vibaya kabisa, vidole vimetua pasipo pake, maana alikuwa haoni vizuri. Ardell akasimamisha.

"Unaanzia chini, mama," akasema Chet kutoka kule nyuma.

"Najua unapoanzia," akasema Genia. Akajifuta macho kwa bandeji ya mkono, na Ardell akahesabu tena.